Florence Kerr Wilson: Mjane aliyeipa Nairobi ratiba ya ndege

Abiria anayetoka Loresho alfajiri kwenda kupanda ndege ya Maasai Mara humwambia dereva wa teksi ampeleke Wilson. Wachache hukumbuka kwamba jina hilo ni la mwanamke.

Bi Florence Kerr Wilson alikuwa mlowezi Mwingereza aliyefiwa na mumewe, Meja Wilson, akiwa Kenya. Badala ya kuutumia uzee wake katika utulivu, alitia fedha zake katika biashara ambayo wengi waliiona kuwa mchezo wa matajiri. Mnamo Julai 1929, kwa ushirikiano na rubani Tom Campbell Black, kampuni ya Wilson Airways ilisajiliwa mjini Nairobi. Ilianza na ndege moja ya Gipsy Moth, isiyo na paa, yenye nafasi ya rubani na abiria mmoja tu.

Hapo ndipo ugumu ulipodhihirika. Ndege ya kukodiwa huruka mteja akipatikana, na mara nyingi hurudi tupu, ilhali mafuta, vipuri na mshahara wa mhandisi havipungui. Ndege ya ratiba nayo sharti iondoke saa iliyotangazwa, viti vijae visijae. Nauli za walowezi na maofisa wa serikali, ambao ndio waliomudu safari hizo, hazikutosha kuikimu.

Suluhisho lilikuwa barua. Mwaka 1931 ndege za Imperial Airways kutoka London zilifika Mwanza, na mwaka uliofuata zikaendelea hadi Cape Town, zikipitia Kisumu. Wilson Airways ikawa kijito cha mto huo: ilisafirisha mifuko ya posta pamoja na abiria baina ya Nairobi na miji ya Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Malipo ya posta yalikuwa ya hakika hata siku ambazo viti vilikuwa vitupu.

Black aliondoka mwaka 1932, na miaka miwili baadaye akashinda pamoja na C. W. A. Scott mashindano ya kuruka kutoka Uingereza hadi Melbourne. Kampuni haikuanguka kwa kumkosa rubani huyo mashuhuri. Mwaka 1933 uwanja wa Nairobi West ulianzishwa, na ndege zikaongezeka.

Lililoiangusha ni vita. Mwaka 1939 serikali ilizitwaa ndege na marubani kwa shughuli za kijeshi, na kazi ya miaka kumi ikakatika. Amani iliporejea, kampuni haikufufuka. Mwaka 1946 East African Airways, shirika la serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ndilo lililoshika njia za anga za eneo hili, hadi liliposambaratika mwaka 1977 na Kenya Airways ikaundwa.

Bi Wilson hakurudishiwa kampuni yake. Hata hivyo, mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, uwanja wa Nairobi West ulipewa jina lake.