Umar bin Abdul Aziz: Khalifa aliyezisoma hati za watawala mbele ya umma

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, Masahaba wake na wote wanaofuata mwenendo wao hadi siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, leo tumekusudia kueleza maisha ya Umar bin Abdul Aziz, Allah amrehemu, khalifa wa ukoo wa Bani Umayya ambaye wanazuoni wengi humhesabu kuwa wa tano miongoni mwa Makhalifa waongofu. Tumemchagua kwa sababu ya jambo lililo karibu nasi. Watu wa Mtwara, tangu mjini na Mikindani hadi Madimba, Msimbati na vijiji vya maingilio ya Mto Ruvuma, hawajasahau yaliyowafika kwa ajili ya gesi asilia. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Novemba 2012 serikali ilizindua ujenzi wa bomba la zaidi ya kilomita 500 la kuipeleka Dar es Salaam, na tarehe 27 Desemba mwaka huo huo watu wengi wakaandamana mjini Mtwara wakiuliza mkoa wao utabaki na nini. Tarehe 22 Mei 2013, siku ambayo bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilisomwa bungeni, ghasia zikazuka. Majengo yakachomwa, wanajeshi wakapelekwa, watu wengi wakakamatwa na roho zikapotea.

Tukilitazama jambo hili kwa makini, tutaona kuwa bomba lenyewe halikuwa kiini chote cha ugomvi. Watu hawakujua mikataba ya gesi ilisema nini, na asiyejulishwa hujijaziia mwenyewe. Tena hawakuwa peke yao gizani. Novemba 2014 wakuu wawili wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania walikamatwa kwa amri ya kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, kwa kutoikabidhi mikataba hiyo. Ikiwa wawakilishi wa wananchi walinyimwa, mvuvi wa Msimbati angeamini nini? Umar bin Abdul Aziz naye alirithi dola ambayo raia wake walikuwa wamekwisha kupoteza imani nayo.

Nasaba na malezi

Alizaliwa mwaka 61 Hijria kwa kauli mojawapo ya wanahistoria. Baba yake, Abdul Aziz bin Marwan, alikuwa liwali wa Misri, na mama yake alikuwa binti wa Asim, mwana wa Umar bin al-Khattab (R.A.). Imesimuliwa kwamba Umar bin al-Khattab, katika kuzunguka kwake usiku kuangalia hali za raia, alimsikia binti mmoja akikataa agizo la mama yake la kutia maji katika maziwa ya kuuza, kwa kuwa Allah anaona hata kama khalifa haoni. Akampendekeza binti huyo aolewe na mwanawe Asim, na katika kizazi chao akapatikana Umar huyu wa pili.

Alisomea Madina kwa wanazuoni wakubwa. Hata hivyo ujana wake ulikuwa wa anasa: mavazi ya thamani, manukato, na mwendo wa maringo ambao vijana waliuiga.

Uliwali wa Madina

Mwaka 87 Hijria, sawa na 706 Miladia, aliteuliwa kuwa liwali wa Madina. Jambo la kwanza alilofanya ni kuwaita wanazuoni kumi wa mji, miongoni mwao Urwa bin Zubair na Salim bin Abdullah, akawajulisha kuwa hatakata shauri bila ya kuwashauri, na akawataka wamfikishie habari ya ofisa yeyote anayedhulumu. Walioambiwa wachunguze ni raia, na waliotakiwa kuchunguzwa ni watumishi wa serikali.

Lakini historia haifichi doa lake. Khalifa al-Walid alimwamuru kumpiga mijeledi Khubaib bin Abdullah bin Zubair, akaitekeleza amri hiyo, na Khubaib akafariki. Umar alijuta maisha yake yote. Kila aliposifiwa kwa jema alilotenda, alimkumbuka Khubaib na furaha ikamtoka. Hakujitetea kwamba alitumwa. Kila aliyewahi kutumwa kutumia nguvu dhidi ya raia na alizingatie hilo.

Mwaka 93 Hijria aliondolewa Madina. Al-Hajjaj, mtawala mkali wa Iraq, alimlalamikia kwa khalifa kwamba anawapa hifadhi watu wanaokimbia dhulma yake.

Wasia uliofungwa kwa muhuri

Mwaka 99 Hijria, yaani 717 Miladia, khalifa Sulaiman bin Abdul Malik aliugua huko Dabiq, kaskazini mwa Shamu. Akaandika wasia wa kumteua mrithi, akaufunga kwa muhuri, na watu wakatakiwa kutoa kiapo cha utii kwa mtu ambaye jina lake limo ndani ya karatasi wasiyoijua. Sulaiman alipofariki, mwanachuoni Rajaa bin Haywa aliufungua msikitini, na jina lililosomwa likawa la Umar.

Umar hakufurahi. Alipanda mimbari akaeleza kuwa ametwishwa jambo hili bila ya kutakwa rai yake na bila ya Waislamu kushauriwa. Akawavua kiapo walichokitoa na kuwaambia wamchague wamtakaye. Ndipo watu wakapaza sauti kwa pamoja kwamba wamemridhia yeye. Kwa hiyo madaraka aliyoyapokea kwa siri aliyarudisha hadharani kwanza, kisha akayapokea upya kwa ridhaa.

Hati na mkasi

Kwa miaka mingi watawala wa Bani Umayya walikuwa wamejigawia ardhi na mali za umma, na hati zake zimehifadhiwa majumbani mwao. Umar alianza na za kwake. Aliwakusanya watu msikitini, akamwamuru mtumishi wake Muzahim azisome moja baada ya moja watu wakisikia, na kila iliyosomwa yeye akaikata kwa mkasi, hadi wakati wa Adhuhuri. Mkewe Fatima, binti wa khalifa Abdul Malik, akakubali vito vyake vya thamani viingizwe Baitul Mal. Kisha ikafuata zamu ya jamaa zake, waliokasirika sana.

Ni mashuhuri pia kwamba alikuwa na taa mbili. Ya serikali aliiwasha kwa kazi za umma tu, na mazungumzo yalipogeukia habari zake binafsi aliizima akawasha ya kwake. Nishati ya umma, hata kama ni mafuta ya utambi mmoja, kwake ilikuwa amana yenye hesabu.

Dhana au ushahidi

Liwali wake wa Mosul alimwandikia kuwa mji umejaa wizi, akauliza kama awakamate watu kwa kushukiwa tu au kwa ushahidi. Umar akamjibu awachukue kwa ushahidi na kwa Sunna, kwani wasiotengenezwa na haki Allah hatawatengeneza. Liwali huyo alisimulia baadaye kuwa hakuondoka Mosul ila ikiwa miongoni mwa miji yenye wizi mdogo kabisa. Na liwali wa Khurasan aliyedai kuwa watu wa huko hawatengenezwi ila kwa upanga na mjeledi, alikanushwa kwamba kinachowatengeneza ni uadilifu na haki.

Zaidi ya hayo, aliwatangazia watu wa msimu wa Hija kuwa atakayesafiri kumletea habari ya dhulma atapewa dinari mia moja hadi mia tatu, kwa kadiri ya umbali wa safari yake. Leo kwingi mwenye kutoa habari kama hiyo ndiye hutafutwa.

Alifariki Rajab mwaka 101 Hijria, sawa na 720 Miladia, akiwa na umri wa karibu miaka 40. Wengi wamesimulia kuwa alitiliwa sumu. Alitawala miaka miwili na miezi michache tu.

Mafunzo kwetu

Ndugu Waislamu, Umar aliyaweka wazi mambo ya serikali na akaisitiri faragha ya raia. Mpangilio huo ukigeuzwa, mikataba ikafichwa na raia wakapelelezwa, imani huvunjika hata kama mradi wenyewe una manufaa. Allah (S.W.) amekataza upelelezi katika Suratul Hujurat, aya ya 12. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Tena alipompa Abyad bin Hammal machimbo ya chumvi ya Maarib, kisha akaelezwa kuwa chumvi hiyo ni kama maji yasiyokatika, aliirudisha. Basi kuuangalia upya mkataba si aibu kwa serikali.

Mwaka 2015 bomba lilizinduliwa, na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya uwazi na uwajibikaji katika madini, mafuta na gesi, inayotaka mikataba iwekwe hadharani. Sheria hiyo itahukumiwa kwa kile ambacho mtu wa Madimba ataweza kukisoma.

Nasi raia tuna wajibu wetu. Aya ya 6 ya sura hiyo hiyo inatuamrisha kuzihakiki habari kabla ya kuzifuata, na aliyechoma nyumba ya jirani hakudai haki, bali alidhulumu. Tudai kwa hoja, kwa subira na kwa umoja.

Tunamwomba Allah (S.W.) awarehemu waliofariki katika siku zile, awape subira wafiwa, na awajaalie viongozi wetu ujasiri wa kusoma hati zao mbele ya umma. Amin.