Samuel Fisk Green, Mganga wa Watamil

Kusini ya Bara Hindi kiko kisiwa kikubwa kilichoitwa Ceylon, nacho tangu mwaka 1972 huitwa Sri Lanka. Upande wa kaskazini, katika nchi ya Jaffna, hukaa Watamil. Kwa watu hao alitumwa Samuel Fisk Green.

Alizaliwa mwaka 1822 katika mji wa Worcester, Marekani, akajifunza uganga New York. Mwaka 1847 alifika Jaffna kwa merikebu, akitumwa na misheni ya Kimarekani, kisha akakaa Manipay. Wagonjwa wakamjia wengi, naye alikuwa mtu mmoja tu. Kwa hiyo akaanza kuwafundisha vijana wa Kitamil kazi ya uganga.

Kwanza aliwafundisha kwa Kiingereza. Lakini wengi wao walipokwisha kuhitimu waliingia kazi ya serikali, wakaenda mbali, na wagonjwa wa vijijini wakabaki bila msaada. Green akalifikiri sana jambo hilo. Alikwenda kwao Marekani, na aliporudi Jaffna mwaka 1862 alikuwa amekata shauri: uganga ufundishwe kwa Kitamil, ili mganga akae kati ya watu wake.

Kazi hiyo ilikuwa nzito, maana ilimpasa kufasiri vitabu vya mifupa na mishipa, vya kupasua na vya dawa, na kutafuta kwa kila kiungo na kila ugonjwa neno ambalo Mtamil angelielewa. Wanafunzi wake walimsaidia. Kurasa zilizopigwa chapa zilizidi 4,000, na waganga aliowafundisha walizidi 60. Tena hakutaka Wakristo wa Kitamil wawe Wazungu kwa mavazi wala kwa desturi. Alitaka wawe Watamil wanaomfuata Kristo.

Mwaka 1873 alirudi kwao kwa kuwa afya yake ilikuwa dhaifu, naye hakuiona Jaffna tena. Alifariki mwaka 1884. Juu ya kaburi lake iliandikwa habari ya kazi yake kwa Watamil. Huko Manipay hospitali yenye jina lake ingalipo.

Basi, sisi tufundishao, tukumbuke jambo hili: mwalimu huyu hakuwangoja watu wajifunze lugha yake, bali yeye aliingia katika lugha yao. Na alipoondoka, kazi haikuondoka pamoja naye, kwa sababu ilikuwa imekwisha kuwa mikononi mwa wenyeji.