Kaburi la Nyali na Faraja ya Bwana: Maisha ya Johann Ludwig Krapf



Kamati ya jubilii ilipokaa kupanga kijitabu hiki, ilikubaliwa kwamba pamoja na historia ya kwaya na salamu za viongozi, tuweke pia maisha ya mtumishi mmoja wa Mungu wa zamani. Majina mengi yalitajwa. Tulimchagua Johann Ludwig Krapf kwa sababu moja. Tangu kwaya yetu ianze, hakuna mahali tumeitwa kuimba mara nyingi kama matangani. Harusi zina msimu wake, lakini msiba hauna msimu. Tumeimba mbele ya majeneza ya wazee walioshiba siku, na mbele ya majeneza madogo ambayo mtu mmoja aliweza kuyabeba. Tumewazika pia waimbaji wenzetu. Kila mara tunasimama mbele ya watu wanaolia na kuwaimbia kwamba Mungu ni mwema, na wengi wetu hurudi nyumbani tukijiuliza kama neno hilo limewafikia. Swali hilo Krapf alikutana nalo katika nyumba yake mwenyewe, hapa kwetu pwani ya Kenya.

Mtoto aliyepigwa bure

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi, jirani mmoja alimpiga vibaya sana kwa kosa ambalo hakulitenda. Aliugua kwa muda wa miezi sita. Mtoto anayeonewa namna hiyo angeweza kukua na moyo mchungu. Lakini kitandani alipata nafasi ya kusoma Biblia, na akaanza kufikiri juu ya Mungu na juu ya uzima wa milele. Mwenyewe alipokuwa mtu mzima alikumbuka kipindi kile kama mwanzo wa safari yake ya imani.

Tusiseme kwamba kupigwa kulikuwa jambo jema. Lilikuwa dhuluma. Tunachosema ni kwamba Mungu hakusubiri mtoto yule apone ndipo azungumze naye.

Baadaye alisomea kazi ya umisionari Basel, Uswisi, akajiunga na shirika la CMS la Uingereza, na mwaka 1837 akaenda Ethiopia. Alijifunza lugha za huko kwa bidii na akawa na shauku kubwa ya kuwafikia Waoromo. Hata hivyo mlango wa Ethiopia ulifungwa mbele yake. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich huko Misri, na kwa pamoja wakajaribu kuingia tena. Njiani, nyikani, Rosine alijifungua mtoto wa kike ambaye hakuishi. Walimpa jina Eneba, na maana yake katika lugha ya Kiamhari ni chozi.

Wapendwa, tunaomba msomaji atulie kidogo kwenye jina hilo. Hawa walikuwa watu wa imani, wamisionari kamili. Hawakumwita mtoto wao Furaha ili waonekane wana nguvu. Walimwita Chozi, wakambatiza, wakamzika, wakaendelea na safari.

Kaburi la bara

Kwa kuwa njia ya kaskazini ilikuwa imefungwa, Krapf alitafuta njia ya kupitia pwani. Januari 1844 alifika Unguja na mkewe, ambako Sultani Seyyid Said alimpokea kwa ukarimu na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Mwezi wa Mei wakahamia Mombasa. Krapf hakupoteza muda. Alianza kujifunza Kiswahili, na mwezi wa Juni akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Hilo nalo tulitaje kwa shukrani: kazi ya kulitia Neno la Mungu katika lugha tunayoimbia ilisaidiwa na jirani Mwislamu.

Kisha ikaja homa. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu, na dawa zilikuwa chache. Krapf aliugua, kisha Rosine naye akaugua akiwa mjamzito. Tarehe 6 Julai 1844 alijifungua mtoto wa kike. Tarehe 13 Julai Rosine alifariki. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa, hata kuinuka kitandani ili aone kwamba kweli mkewe ameaga kulimshinda bila msaada. Siku chache baadaye mtoto naye akamfuata mama yake.

Rosine alikuwa ameomba azikwe upande wa bara, sio kisiwani, ili watu wa bara wanaopita waone kaburi na kukumbuka sababu iliyomleta. Akazikwa ng'ambo ya kisiwa, sehemu tunayoiita leo Nyali. Kaburi hilo lipo hadi sasa.

Hebu tumfikirie mwanamume huyo mwenye miaka thelathini na minne. Hana mke, hana mtoto, yumo ugenini, na homa haijamwacha. Hakuna shemeji wa kumpikia uji, hakuna jumuiya ya kuja kuomba naye jioni. Wengi tungeelewa kama angeomba nauli ya kurudi kwao. Badala yake aliwaandikia wakubwa wake kuwaeleza kwamba kaburi hilo lisiwaogopeshe, bali walichukue kama dalili kwamba kazi ya Afrika Mashariki imekwisha kuanza. Halafu akarudi kwenye daftari zake za Kiswahili. Kwa karibu miaka miwili alifanya kazi bila mmisionari mwenzake.

Rabai, milima na kiu

Mwezi wa Juni 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani kama yeye. Haukupita muda Rebmann naye akashikwa na homa. Mwezi wa Agosti wazee wa Rabai waliwakubali wakae kwao, na hao wawili wakapanda kilima wakiwa dhaifu wote wawili. Kazi iliyozaa makanisa mengi ya nchi hii ilianzishwa na wagonjwa wawili.

Na matunda hayakuja haraka. Mtu wa kwanza kubatizwa huko Rabai alikuwa Mringe, mlemavu aliyekuwa mgonjwa, na alibatizwa akiwa karibu kufa. Kwa hesabu za dunia, hayo ni mavuno madogo mno kwa makaburi yale yote. Lakini mbinguni huwa na shangwe kwa mtu mmoja, na Mringe alikuwa mtu mmoja. Pengine aliyezoea maumivu ya mwili ndiye aliyemwelewa upesi mtu aliyezoea maumivu ya moyo.

Wanafunzi wetu wa shule wanamfahamu Krapf kwa ajili ya milima. Mwaka 1848 Rebmann aliuona Kilimanjaro, na tarehe 3 Desemba 1849 Krapf, akiwa Kitui kwa mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba, aliuona Mlima Kenya. Bila shaka Wakamba, Wakikuyu, Waembu na Wameru walikuwa wakiutazama kila asubuhi tangu zamani. Krapf na Rebmann walipopeleka Ulaya habari za theluji karibu na ikweta, wasomi wengine waliwacheka.

Mwaka 1851 Krapf alirudi Ukambani. Safarini karibu na mto Tana, msafara ulivamiwa na Kivoi akauawa. Krapf alitoroka peke yake, akatangatanga siku kadhaa kwa njaa na kiu. Alipoyafikia maji, hakuwa na chombo, akayajaza katika mtutu wa bunduki yake ili apate ya kunywa njiani. Na waliofiwa na Kivoi walimlaumu yeye, hata ikambidi atoroke tena usiku. Alifika Rabai akiwa amechoka kabisa.

Afya yake haikustahimili zaidi. Mwaka 1853 aliondoka pwani, akakaa Korntal nchini kwao. Hata hivyo mwaka 1861 alikubali kusafiri tena ili kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi yao, na hivyo misheni ya Ribe ikazaliwa. Rebmann alibaki Rabai, akampoteza mkewe huko, akapofuka macho, na aliporudi Ulaya mwaka 1875 alikwenda kuishi Korntal karibu na rafiki yake wa zamani. Alifariki mwaka uliofuata. Krapf alifariki tarehe 26 Novemba 1881. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, yeye akiwa tayari kaburini.

Sisi tunajifunza nini?

La kwanza, imani haikatazi machozi. Mara nyingi tunawaambia wafiwa wasilie, wajikaze, eti Mungu hakosei. Tunasema hivyo kwa nia njema, lakini mfiwa husikia kama anakaripiwa. Aliyemwita mtoto wake Chozi hakuwa amepoteza imani. Zaburi nyingi ni vilio, na zimo ndani ya Biblia ile ile tunayoishika tukiimba sifa.

La pili, faraja ya Mungu haikumjia Krapf kwa njia ya kusahau. Ilimjia kidogo kidogo: asubuhi moja ya kuweza kuinuka, ukurasa mmoja wa tafsiri, mwenzake mmoja aliyeshuka kutoka chomboni, mgonjwa mmoja aliyetaka kusikia habari za Yesu. Ndugu aliyefiwa akikwambia bado hajaona faraja, usimhukumu. Huenda imekwisha kuanza, nayo ni ndogo kama mbegu ya haradali.

La tatu linatuhusu kama kwaya. Mzigo mzito zaidi wa Krapf haukuwa siku ya mazishi. Ulikuwa miezi iliyofuata, pasipo mtu. Sisi huwa hodari siku ya mazishi. Tunavaa sare, tunaimba sauti zote nne, watu wanafarijika, kisha turubai linakunjwa, viti vinarudishwa, na mjane anabaki na nyumba kimya. Kwa hiyo katika jubilii hii kwaya imeazimia kwamba familia yoyote tutakayoiimbia msibani, tutaitembelea tena baada ya mwezi mmoja, bila sare wala vipaza sauti, wachache wetu tu, tukae nao na kuomba nao. Tunawaomba waumini mtukumbushe tukisahau.

Atakayesafiri Mombasa apite Nyali alione kaburi la Rosine, na akipata nafasi afike Rabai, ambako nyumba ya Krapf imehifadhiwa. Kaburi hilo lilikuwapo kabla ya kengele ya kanisa lolote la misheni ile kulia pwani yetu, kabla ya kwaya yoyote ya Kiswahili kusimama madhabahuni. Rosine hakusikia hata wimbo mmoja wa hizi tunazoimba leo. Sisi tunaziimba, na Jumapili hii ya jubilii tutaziimba kwa sauti, tukiwakumbuka wote waliolala wakiwa na tumaini, pamoja na waimbaji wetu waliotutangulia, ambao viti vyao tunavijua.

Bwana awafariji wote walio na huzuni katika kusanyiko letu, na aibariki kwaya yetu.

Ni sisi wenu katika Kristo,
Katibu, kwa niaba ya Kwaya