Rumanyika wa Karagwe: Ufalme uliosimama juu ya maziwa

KATIKA wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, jina la Rumanyika halijafutika. Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, iliyotangazwa mwaka 2019, inalibeba mpaka leo. Wasomi humkumbuka kama mfalme aliyewapokea wapelelezi wa Kizungu katika karne ya 19, na wafanyabiashara kama mtawala ambaye nchi yake ilipitiwa na njia ya pembe za ndovu kati ya Tabora na Buganda.

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa naye ana sababu ya kumkumbuka. Rumanyika alikuwa mfalme ambaye chakula chake, heshima yake na nguvu yake vilitegemea kiwele cha ng'ombe.

Ngoma ndogo na ndugu watatu

Rumanyika, ambaye pia huitwa Orugundu, alikuwa mtoto wa Omukama Ndagara. Makao makuu yalikuwa Bweranyange, katika Karagwe ya leo. Wakati huo Karagwe na Kyerwa zilikuwa nchi moja. Hata kiserikali, Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012 tu.

Ndagara alipofariki katikati ya miaka ya 1850, watoto wake watatu waligombea kiti: Rumanyika, Rogero na Nnanaji. Masimulizi ya ikulu yanasema ngoma ndogo yenye dawa iliwekwa chini, na kila mmoja akaambiwa ainyanyue. Wawili walishindwa kabisa, lakini Rumanyika aliinyanyua kwa kidole kidogo.

Ngoma pekee haikumaliza ugomvi. Rogero alishika silaha na vita vikazuka. Rumanyika aliokolewa na mfanyabiashara wa Tabora mwenye asili ya India, Musa Mzuri, ambaye kwa zawadi ya pembe za ndovu alimpatia msaada wa jeshi la Suna, Kabaka wa Buganda. Tangu hapo Rumanyika hakusahau wema wa wafanyabiashara. Wenzao wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na ikulu.

Ugomvi huo haukuwa wa kiti kitupu. Aliyekalia kiti cha Karagwe alikuwa juu ya makundi makubwa ya ng'ombe wenye pembe ndefu wa jamii ya Ankole, na ng'ombe ndio waliokuwa benki ya wakati ule. Kwa ng'ombe watu walioa, walilipa deni na walipata watu wa kuwatii.

Mfalme aliyeishi kwa maziwa

Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliingia Karagwe wakitafuta chanzo cha mto Nile. Walikuwa wametoka katika nchi ambazo kila mtemi aliwadai hongo. Rumanyika hakuwadai. Aliagiza vijiji vya njiani viwape chakula, na mwenyewe akawapokea kwa upole uliowashangaza.

Kwa maandishi ya Speke, Rumanyika alikuwa mtu wa kiasi. Pombe ya ndizi hakuigusa sana, nyama alifyonza mchuzi wake tu, na chakula chake kikuu kilikuwa maziwa. Katika nyumba za wakubwa vyombo vya mti vya maziwa vilining'inia kwa wingi. Wake wa wakubwa walinyweshwa maziwa mfululizo mpaka wakanenepa kiasi cha kushindwa kusimama, maana unene ule ulikuwa dalili ya utajiri wa mume.

Hata hivyo, wageni hao walipata shida moja. Wahima, waliokuwa wafugaji wa nchi hiyo, walikataa kuwauzia maziwa. Sababu ilikuwa kwamba msafara ulikula kuku na maharage, na iliaminika kwamba mtu aliyekula vitu hivyo akinywa maziwa, ng'ombe waliokamuliwa watadhurika. Rumanyika alitafuta njia ya kati. Aliona wageni nao wasilale njaa, hivyo wakatengewa ng'ombe wao.

Leo ni rahisi kucheka mwiko huo, hasa Karagwe ambako maharage hulimwa kila msimu na makapi yake hulishwa ng'ombe. Maharage tumboni mwa mnywaji hayaumizi kiwele. Lakini nyuma ya imani hiyo palikuwa na wazo zito, kwamba maziwa si kitu cha kuchezea, na kwamba mwenendo wa mtu unaweza kumdhuru ng'ombe. Wazo hilo ni sahihi. Kilichokosewa ni mahali pa kuangalia. Kinachomdhuru ng'ombe ni mkono wa mkamuaji, si chakula alichokula mnunuzi.

Mguu wa Grant

Januari 1862 Speke aliondoka kwenda Buganda. Grant alibaki Bweranyange mpaka Aprili kwa sababu mguu wake ulikuwa umeoza kidonda. Miongoni mwa dawa alizopewa ilikuwa mchanganyiko wa kinyesi cha ng'ombe, chumvi na tope la ziwani, ukibandikwa wa moto. Haukumponya.

Hilo lisichukuliwe kuwa ujinga wa Karagwe peke yake. Katika miaka hiyohiyo Louis Pasteur wa Ufaransa alikuwa bado akifanya majaribio ya kuonyesha kwamba maziwa na vinywaji huchacha kwa sababu ya vijidudu visivyoonekana kwa macho. Ilifika miaka ya 1880 ndipo Mfaransa mwingine, Edmond Nocard, alipoonyesha kwamba vijidudu vya aina hiyo ndivyo vinavyoleta ugonjwa wa kiwele unaoambukiza.

Ugonjwa huo ndio wataalamu wanaouita mastaitisi. Kinyesi kile kilichobandikwa kwenye mguu wa Grant ni mojawapo ya njia zake kuu. Ng'ombe akilala kwenye malalo yenye kinyesi na mkojo, vijidudu hupenya tundu la chuchu na kuingia ndani ya kiwele. Vingine hukaa ndani ya viwele vya ng'ombe wagonjwa na kuhamia kwa wazima kupitia mikono ya mkamuaji na kitambaa kimoja kinachofuta ng'ombe wote.

Vyombo vya maziwa katika hazina

Mwanzoni mwa mwaka 1876 mgeni mwingine, Henry Morton Stanley, alifika kwa Rumanyika na kuonyeshwa nyumba ya hazina. Ndani yake alikuta sanamu za bata na za ng'ombe zilizofuliwa kwa shaba, mikuki na vitambaa vilivyosukwa kwa ustadi. Pamoja na mali hizo za kifalme palikuwa na vyombo vya mti vya maziwa vilivyochongwa vizuri.

Vyombo vya maziwa viliwekwa kwenye hazina kwa sababu vilikuwa na thamani hiyo. Wafugaji wa Kihima wa Karagwe na Ankole walikuwa na desturi ya kusafisha vyombo hivyo na kuvifukiza kwa moshi wa nyasi. Moshi huo ulikausha chombo, ulipunguza vijidudu na kuyapa maziwa harufu nzuri. Kwa wakati wao, huo ulikuwa utunzaji bora wa maziwa.

Leo baadhi ya maziwa husafirishwa kwenye madumu ya plastiki yaliyowahi kubeba mafuta ya kupikia. Shingo la dumu halipitishi mkono, utando wa maziwa ya jana hubaki ndani, na maziwa mapya huharibika kabla ya kumfikia mnunuzi. Ndoo na vyombo vya alumini au chuma kisichoshika kutu, vyenye mdomo mpana, ndivyo vinavyofaa.

Mali iliyoondoka kwa ugonjwa

Rumanyika hakuishi kuwaona Wajerumani, ambao walifika Bukoba mwaka 1890. Baada ya kifo chake ugomvi wa kurithi ulirudi. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka iliingia Karagwe na kufagia ng'ombe. Mali iliyokuwa imekusanywa kwa vizazi iliondoka kwa muda mfupi, na nguvu ya ufalme ikaondoka nayo. Sotoka yenyewe ilitangazwa kumalizika duniani mwaka 2011.

Ugonjwa wa kiwele hauui kundi zima kwa mkupuo. Unakula faida taratibu, na mara nyingi bila kuonekana, ndiyo maana wengi hawauhesabu. Tuseme mfugaji ana ng'ombe wa chotara anayetoa lita 8 kwa siku, na maambukizi yaliyojificha yanamnyang'anya lita 1. Kwa siku 300 za kukamua amepoteza lita 300 kutoka kwa ng'ombe mmoja, na bado amelisha majani na pumba zilezile.

Pia ng'ombe wa Rumanyika hawakuwa kama hawa. Ng'ombe wa asili hutoa maziwa kidogo na kiwele chake ni kidogo. Chotara ana kiwele kikubwa kinachofanya kazi nzito, hivyo anahitaji uangalizi mkubwa zaidi.

Nidhamu ihamie kwenye chuchu

Nidhamu ambayo watu wa Rumanyika waliiweka kwenye chombo, mfugaji wa leo aianzie kwenye chuchu. Hatua zake si za gharama kubwa.

Kwanza, mkamuaji anawe mikono kwa sabuni. Chuchu zisafishwe kwa maji safi na kukaushwa, kila ng'ombe kwa kitambaa chake. Michirizi ya kwanza ikamuliwe kwenye kikombe chenye kitambaa cheusi. Mabonge, damu au majimaji ni dalili ya ugonjwa, na maziwa ya namna hiyo yasichanganywe na mengine.

Pili, ugonjwa uliojificha utafutwe kwa kipimo cha CMT, kilichobuniwa Marekani mwaka 1957. Maziwa ya kila chuchu huchanganywa na dawa kwenye kisahani chenye vikombe vinne. Yakiwa mazito kama uji wa mlenda, robo hiyo ya kiwele ina tatizo. Ladha ya chumvichumvi nayo ni ishara, kwani ugonjwa hupunguza sukari ya maziwa na kuongeza chumvi.

Tatu, baada ya kukamua chuchu zichovywe kwenye dawa ya iodini, na ng'ombe apewe majani ili asimame kwa nusu saa hivi. Tundu la chuchu huwa bado wazi, na akilala mapema huokota vijidudu. Mwenye maambukizi akamuliwe mwisho.

Nne, mtaalamu wa mifugo ndiye achague dawa. Siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye dawa zikamilike kabla ya kuuza maziwa, kwa sababu mabaki yake humdhuru mnywaji na huzuia maziwa kuganda mtindi. Ng'ombe aachwe kukamuliwa kiasi cha siku 60 kabla ya kuzaa, na hapo ndipo wakati mzuri wa kumtibu kiwele kwa dawa ya kipindi hicho. Anayeugua tena na tena bila kupona ni afadhali aondolewe kundini.

Mfanyabiashara wa maziwa naye ana sehemu yake. Tangu Sheria ya Maziwa ya mwaka 2004, biashara hiyo iko chini ya usimamizi wa Bodi ya Maziwa Tanzania. Maziwa ya kiwele kigonjwa yanaweza kukatika kwenye kipimo cha spiriti yakakataliwa kituoni, na hapo hasara humwangukia aliyeyabeba. Mnunuzi anayepima na kumlipa vizuri mwenye maziwa safi hulinda mtaji wake mwenyewe.

Rumanyika alipata kiti kwa ngoma na kwa vita, lakini alikula, alikirimu wageni na kuheshimiwa kwa sababu ng'ombe wake walikuwa na maziwa. Warithi wake walipopoteza ng'ombe, ngoma ilibaki bila nguvu. Kwa mfugaji wa Bweranyange, Kayanga au Nkwenda, ufalme wake ni yule ng'ombe mmoja au wawili walioko bandani, na ulinzi wake huanza alfajiri, kwa maji safi na mikono iliyonawa.