Mao Yisheng: Mhandisi aliyejenga daraja, kisha akalilipua mwenyewe

Anayeishi kando ya mto usio na daraja anaijua adha yake: mgonjwa anasubiri mtumbwi, na mazao yanaozea ng'ambo. Leo tunamkumbuka mtu aliyepambana na adha hiyo nchini China, mhandisi Mao Yisheng.

Alizaliwa mwaka 1896 mjini Zhenjiang, akakulia Nanjing. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto, daraja moja mjini humo lilivunjika siku ya mashindano ya mashua, likiwa limejaa watu. Yeye alinusurika kwa sababu alikuwa mgonjwa nyumbani. Tangu hapo akaazimia kujenga madaraja yasiyoanguka.

Mwaka 1916 alihitimu chuo cha uhandisi cha Tangshan, kisha akaenda Marekani. Mwaka 1917 alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Cornell. Baadaye mjini Pittsburgh akawa anafanya kazi kwenye kampuni ya madaraja huku akiendelea na masomo. Mwaka 1919 akapata shahada ya uzamivu katika Taasisi ya Teknolojia ya Carnegie, akiwa wa kwanza kuipata hapo. Hakulowea ugenini. Alirudi kufundisha kwao, ambako madaraja makubwa ya reli yalikuwa yakijengwa na wageni.

Mtihani wake mkubwa ulikuwa mto Qiantang, mjini Hangzhou. Wimbi la bahari hupanda mto huo kwa kishindo, na chini yake kuna mchanga na tope la kina cha mita 40 hivi. Wengi waliamini daraja haliwezekani.

Mao na mwenzake Luo Ying, waliyesoma naye Cornell, walianza kazi mwaka 1935. Mchanga waliulegeza kwa maji yenye nguvu ili nguzo zizame. Kisha walishusha makasha makubwa ya zege, yaliyo wazi upande wa chini. Hewa ilisukumwa ndani ili kuzuia maji, na mafundi wakachimba humo.

Kabla kazi haijakwisha, vita na Japani vikazuka. Tarehe 26 Septemba 1937 treni ya kwanza ilivuka. Mwezi Novemba, Mao akapokea amri nzito: atege baruti, adui asije akalitumia daraja. Siku iliyofuata barabara ya juu ikafunguliwa, na umati wa wakimbizi ukavuka bila kujua kwamba chini yao kulikuwa na baruti.

Tarehe 23 Desemba, majeshi ya Japani yakiwa yamefika karibu, daraja likalipuliwa. Lilikuwa limetumika siku 89 tu. Lakini katika siku hizo lilikuwa limevusha watu wengi na shehena nyingi.

Mao hakukata tamaa. Alikimbia na masanduku 14 ya michoro na kumbukumbu za ujenzi, akayahama nayo mji hadi mji. Vita vilipokwisha mwaka 1945, alirudi nayo na kulifufua daraja lake. Baadaye aliongoza jopo la wataalamu walioshauri ujenzi wa daraja la Wuhan juu ya mto Yangtze, lililofunguliwa mwaka 1957.

Alifariki dunia Beijing mwaka 1989, akiwa na umri wa miaka 93. Daraja la Qiantang bado limesimama: reli chini, barabara juu.