Miezi Mitano ya Kwihara

Bukene i kaskazini ya Tabora, katika nchi ya Wanyamwezi, na reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 hupita hapo. Kabla ya reli, watu wa nchi hiyo walisifiwa hata pwani kwa nguvu za mabega yao, maana ndio waliochukua pembe za ndovu kwenda Bagamoyo na kurudi na nguo, shanga na masango. Njia ya kwenda Nyanza, njia ya Ujiji na njia ya pwani, zote zilikutana Unyanyembe, mahali ulipo mji wa Tabora. Si mbali na mji huo kuna kijiji kiitwacho Kwihara, na hapo palikuwa na tembe kubwa la Waarabu. Ndani ya tembe hilo, mwaka 1872, Mzungu mmoja mgonjwa alikaa miezi mitano akingoja wapagazi. Jina lake David Livingstone.

Alizaliwa Blantyre katika Scotland, tarehe 19 Machi 1813, katika nyumba ya watu maskini. Alipokuwa na umri wa miaka 10 alitiwa kazini katika kiwanda cha kusokota pamba, naye akasoma usiku baada ya kazi. Akawa mganga na mtumishi wa Injili, akafika Afrika ya Kusini mwaka 1841. Safari zake za kwanza zilimpa sifa kubwa katika Ulaya. Lakini safari ya mwisho, aliyoianza Mikindani mwaka 1866, ilimnyang'anya karibu kila kitu. Alitaka kujua chanzo cha mto Nili, na kuwajulisha watu wa Ulaya ubaya wa biashara ya watumwa. Alianza na watu wapatao 60. Wengine wakatoroka, wengine wakarudishwa, hata wakabaki wachache sana.

Januari 1867 watu wawili walitoroka, na katika mizigo waliyokwenda nayo limo sanduku la dawa. Homa ilikuwa ikimshika mara kwa mara, na sasa hana kwinini hata chembe. Akaona kana kwamba amekwisha kuhukumiwa kufa. Jioni alipoandika habari hiyo katika daftari lake, alikiri kwamba ni vigumu kukubali jambo kama hilo kwa moyo, walakini atajaribu. Tena akawatafutia udhuru wale waliomwibia, kwa kuwa walilelewa katika utumwa, na utumwa huharibu tabia ya mtu.

Mwanzo wa mwaka 1869 aliugua kifua hata asiweze kutembea. Aliyemwokoa ni Muhammad bin Gharib, mfanyi biashara ya pembe na watumwa, ambaye alimtia dawa, akamlaza juu ya kitanda, na watu wake wakamchukua hata Ziwa Tanganyika. Hapa pana jambo gumu. Livingstone aliichukia biashara ya watu hao kuliko kitu chochote, naye alikula chakula chao na kufuatana na misafara yao, kwani hakuwa na njia nyingine. Hakuficha chuki yake, wala hakuuficha wema aliotendewa. Aliandika yote mawili katika madaftari yake.

Kutoka Ujiji alivuka ziwa kwenda Manyema. Huko, mwaka 1870, alipatwa na vidonda vya miguu, akalazwa Kabambare muda wa miezi mingi. Karatasi zilipokwisha aliandika juu ya magazeti ya kale, kwa wino uliofanywa kwa maji ya mmea. Muda aliokaa Manyema aliisoma Biblia yote mara nne. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, aliona watu wa wafanyi biashara wakiwapiga risasi wanawake waliokuja kuuza vyakula, na mamia wakafa, wengine kwa risasi na wengine kwa kuzama mtoni. Hapo hakuweza tena kufuatana nao. Akageuka kurudi Ujiji. Tarehe 8 Agosti wenyeji waliomdhani kuwa ni mmoja wa wafanyi biashara wakamvizia njiani. Mkuki mmoja ulipita nyuma ya mgongo wake, karibu umguse. Mwingine ukaanguka mbele yake. Kisha mti mkubwa uliokuwa ukiungua ukaanguka hatua moja nyuma yake. Siku hiyo aliandika kwamba ameokolewa na mauti mara tatu, akamshukuru Mungu.

Isidhaniwe kwamba alikuwa mtu asiyejua hasira. Alimnung'unikia sana Daktari Kirk, aliyeshika kazi ya balozi wa Waingereza katika Unguja, akisema amemletea watumwa badala ya wapagazi huru, na wengi waliozichunguza habari hizo baadaye wameona kwamba hakumtendea haki. Ndivyo alivyokuwa: mtu mwenye uchungu ndani yake, ambaye hata hivyo hakuacha kuandika mema aliyopata siku ile.

Alifika Ujiji tarehe 23 Oktoba 1871, amekonda mifupa mitupu, akitumaini kupata bidhaa alizopelekewa. Sherifu, aliyekabidhiwa bidhaa hizo, alikuwa amekwisha kuziuza zote. Mwarabu mmoja, Sayyid bin Majid, akataka kuuza pembe zake apate kumpa msaada. Livingstone akamshukuru, lakini hakukubali kuchukua. Baada ya muda mchache Susi, mtumishi wake, alikuja mbio kumwambia kwamba Mzungu yuaja. Huyo alikuwa Henry Stanley, aliyetumwa na mwenye gazeti la Marekani. Akaja na vyakula, nguo, dawa na barua. Livingstone, aliyekuwa akila mara mbili kwa siku bila hamu, akaanza kula mara nne, na nguvu zikamrudia. Kabla mwezi wa Novemba haujakwisha alikuwa amemwandikia mwenye gazeti barua ya shukrani, mtu ambaye hajapata kumwona kwa macho.

Wote wawili wakaenda Unyanyembe, wakafika Kwihara tarehe 18 Februari 1872. Stanley alimsihi arudi kwao apumzike. Akakataa, kwa kuwa kazi yake haijaisha. Basi Stanley akamwachia nguo, shanga, masango na dawa, akaondoka tarehe 14 Machi, akiahidi kumpelekea watu waaminifu kutoka Unguja. Siku tano baadaye Livingstone alitimiza miaka 59, peke yake katika tembe, akaitoa siku hiyo kwa sala, akijiweka upya mikononi mwa Mungu.

Kungoja kulikuwa kugumu. Tumbo lilimsumbua. Mtemi Mirambo alikuwa akipigana na Waarabu wa Unyanyembe, na habari za vita zilikuja kila juma, leo za kweli, kesho za uongo. Kutoka Kwihara hata Unguja na kurudi ni safari ya miezi, na hakuna aliyejua kama watu watakuja kweli. Katika siku hizo alifanya kazi ndogo ndogo. Aligandisha maziwa akafanya jibini za safari, akaandika kwamba ni nzuri, ila zina uchachu kidogo. Alikaa akitazama ndege wadogo, ambao makinda yao yamekwisha kuota manyoya yote lakini bado yanajiinamisha mbele ya mama yao na kulia ili yalishwe. Jambo hilo likamfurahisha sana. Tarehe 1 Mei alimaliza barua kwa watu wa Marekani, akiwaomba wasaidie kuikomesha biashara ya watumwa katika pwani ya mashariki.

Katika nyumba hiyo alikuwako mpishi jina lake Halima, mkewe Amoda. Huyo alikuwa amempikia bwana wake katika shida zake nyingi, na siku Stanley alipofika Ujiji alihangaika mno, akihofu chakula chake hakitamfaa mgeni. Huko Kwihara aligombana na mwanamke mwenzake, akakimbia. Livingstone hakungoja arudi mwenyewe. Alikwenda kwa Sultan bin Ali, mzee wa Kiarabu, ili barua ipelekwe kumfuata. Lakini Halima akarudi kwa hiari yake. Bwana mwingine wa zamani zile angalimpiga. Livingstone aliketi akaandika yote aliyokuwa anadaiwa na mwanamke huyo: kwamba ni mwangalifu na mwenye akili, kwamba hajaiba kamwe, wala hakumwacha mumewe aibe, na kwamba katika watu wake wote hakuna anayemfaa kuliko yeye. Kwa kuwa ilikuwa majira ya baridi, akampa nguo nzito, apate kujua kwamba hakuna kinyongo. Akaandika pia kwamba watakapofika Unguja atamfungua awe huru, na kumnunulia nyumba na shamba.

Katikati ya Agosti watu waliotumwa na Stanley wakafika, wapatao 57. Tarehe 25 Agosti 1872 msafara ukatoka Kwihara kuelekea kusini.

Mvua, njaa na ugonjwa vikamwangusha. Tarehe 1 Mei 1873, mwaka mmoja kamili tangu siku aliyoimaliza barua ile, watu wake walimkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda, katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia. Wangeweza kumzika na kwenda zao. Lakini Susi na Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauchukua mabegani. Oktoba wakafika Unyanyembe. Huko walimkuta Mwingereza, Cameron, naye akawashauri wamzike hapo, kwa sababu njia ina hatari. Wakakataa. Februari 1874 wakafika Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili mwili ukazikwa London katika kanisa la Westminster Abbey, pamoja na wafalme.

Tembe la Kwihara lilibomoka kwa miaka mingi, kisha likajengwa upya kuwa makumbusho.

Halima naye alitembea pamoja na mwili wa bwana wake hata Unguja. Nyumba na shamba hakupata, kwa kuwa aliyeahidi amekufa, na katika waliopokea sanduku la maiti hakuna aliyeitimiza ahadi ile. Ahadi ilibaki ndani ya daftari, kwa mkono wa mtu aliyeiandika akiwa mgonjwa, akingoja wapagazi.