Maisha ya Walter Clement Noel, Mganga wa Meno wa Grenada

Walter Clement Noel alizaliwa mwaka 1884 katika kisiwa cha Grenada, bahari ya Karibi, katika jamaa ya watu weusi wenye mashamba. Baba yake alikufa yeye angali mdogo. Hata hivyo alisomeshwa vema, akapelekwa hata Barbados, kisha mwaka 1904 akapanda meli kwenda Marekani, apate kujifunza uganga wa meno mjini Chicago.

Safarini alipatwa na kidonda kifundoni mwa mguu, kikamtesa, kikapona. Makovu ya vidonda vya namna hiyo alikuwa nayo tangu zamani. Baridi ya Chicago ilipofika akashikwa na kikohozi na homa, pumzi zikawa fupi, na mwishoni mwa Desemba akaingia hospitali ya Presbyterian.

Aliyempokea ni daktari kijana, Ernest Irons, aliyekuwa bado mwanafunzi wa kazi chini ya Dr. James Herrick. Mimi namsifu Irons kuliko mkubwa wake, kwa maana hakufanya haraka. Alimwuliza mgonjwa habari zake za nyuma, akaitazama miguu yenye makovu, akaona macho yana umanjano; ndipo akatoa damu kidogo, akaichungua kwa darubini. Chembe nyekundu, ambazo desturi yake ni mviringo, nyingine zilikuwa zimerefuka na kupinda mfano wa mundu. Jambo hilo hakuna aliyekuwa ameliandika.

Dawa ya kumponya hawakuwa nayo. Walimpa mapumziko, chakula chema na dawa yenye madini ya chuma, naye akapata nafuu. Basi ninyi mnaotumika katika zahanati zetu, angalieni sana, kwa kuwa ugonjwa huu ni mwingi kwetu, hasa kando ya Ziwa Victoria. Chembe zilizopinda hukwama katika mishipa midogo, damu isipite, na mifupa huuma mno. Maumivu hayo hayaonekani kwa macho. Na wako wauguzi wamdhaniao mgonjwa kuwa anajidekeza, nao wakosa vibaya. Mtazameni weupe wa ulimi na umanjano wa macho, zihesabuni pumzi zake, lipapaseni bandama la mtoto. Anywe maji mengi, asipigwe na baridi, apewe dawa ya maumivu upesi. Na homa yake isingojewe hata asubuhi.

Noel alirudi hospitalini mara kwa mara kwa muda wa miaka miwili na nusu, wala hakuacha masomo. Mwaka 1907 alihitimu, akarudi kwao, akatibu meno mjini St. George's. Mwaka 1910 Herrick alitangaza habari za ugonjwa ule katika gazeti la matabibu, pasipo kulitaja jina la mgonjwa. Jina la ugonjwa wenyewe, la kufananisha na mundu, lilikuja baadaye, mwaka 1922.

Wakati huo Noel alikuwa amekwisha kufa. Kichomi kilimchukua mwaka 1916, naye ana umri wa miaka 32, akazikwa karibu na baba yake katika makaburi ya Wakatoliki ya Sauteurs. Matabibu walikuwa wakisoma habari za damu yake miaka mingi bila kujua ni ya nani, mpaka mwaka 1989 jina lake lilipotangazwa.